Sakafu ya Lorna na Jumatatu ya Howard

Howard Sugden alibandika vigae katika nusu ya mabafu ya Halifax, mji wa kaskazini mwa Uingereza, na hukuhitaji kumwuliza ndipo akuambie. Alisema mwenyewe, baani, kwa mwuza nyama, hata makaburini watu wakisubiri jeneza literemshwe. Bafu la daktari wa meno, kazi yake. Bafu la kasisi, kazi yake, pamoja na ule mstari wa vigae vya samaki ukutani ambao kasisi hakuuomba. Bafu lake mwenyewe hakulitaja. Lilikuwa ghorofani, katika nyumba ya mawe iliyobanana na wenzake mtaa wa Bracken Hill, na sakafu yake ilikuwa mbao kuukuu zenye umri zaidi ya karne, zimefunikwa kwa zulia la plastiki la rangi ya maziwa yaliyochacha. Zulia hilo lilinunuliwa liwe la muda tu, mwaka 1993.

Aliyeshinda akilikanyaga, kulipiga deki na kuligandisha kwa utepe kila lilipoinuka kwenye kona alikuwa mkewe, Lorna, na habari hii ni yake.

Lorna alizaliwa na mtu wa kiwanda cha mazulia, na yeye mwenyewe alikaa ofisi ya kiwanda hichohicho mpaka kilipofungwa. Baada ya hapo Howard alimpa kazi, kama anavyopenda kusema, kana kwamba alimwokota barabarani. Kazi yenyewe ilikuwa simu ya kwenye ujia, kando ya makoti. Kwa miaka ishirini na minane, mtu wa Halifax akitaka vigae alisikia kwanza sauti ya Lorna: "Sugden Vigae, nikusaidie nini, mpenzi?" Huko kwao mpenzi ni mtu yeyote, hata mkaguzi wa kodi.

Mteja akisema sakafu yake ni ya mbao na anataka kuitayarisha mwenyewe, Lorna alimpa somo zima bila kuvuta pumzi. Fungua mbao kadhaa uzikague boriti zilizo chini. Palipo na nafasi kubwa kati ya boriti, piga vikazo, yaani vipande vya mbao vya kuzibana zisiyumbe. Ng'oa misumari, maana msumari hulegea na kulia. Kaza kwa skrubu. Juu yake laza plaiwudi nene, si ile ya kutengenezea kibanda cha sungura, na uipake praima mgongoni na kingoni isinywe maji. Viungo visikutane msalaba. Acha upenyo mdogo ukutani, kwa kuwa mbao hupumua. Na usithubutu kupaka ile gundi nyeupe ya mbao, hata kama shemeji yako ameapa kwamba yeye aliipaka na haikumdhuru. Halafu weka kikombe cha chai kilichojaa katikati ya sakafu, mtu mzima atembee kukizunguka. Chai ikitikisika, hakuna vigae.

Somo lilikuwa la Howard, lakini Howard alilisema mara moja tu, akala, akaenda zake. Lorna ndiye aliyelirudia mara elfu, huku akiliangalia zulia la plastiki kupitia mlango wa bafu ulio wazi juu ya ngazi.

Mwanzoni aliuliza kila mwezi. Baadaye kila Krismasi. Jibu lilikuwa lilelile. Howard alipanda, akapiga kisigino chini mara mbili, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Boriti zimechoka, Lorna. Ukizitwika vigae tutajikuta sebuleni na beseni lote la kuogea."

Basi Lorna aliamini. Nani asingeamini? Mtu huyo alikuwa fundi, na yeye alikuwa mshika simu. Mama yake alipokuja kuishi nao miaka miwili ya mwisho, Lorna alimwogesha juu ya plastiki ile, na bakora ya bibi yule ilinasa kwenye kona iliyoinuka mpaka wakazoea kuiacha nje ya mlango. Bibi alifariki bila kuona kigae hata kimoja katika nyumba ya fundi vigae. Siku ya maziko Howard alimweleza kasisi jinsi samaki wale wanavyotakiwa kusafishwa.

Kisha Howard akastaafu. Magoti yalikwisha, akasema, na kwa hilo tumwamini, kwa sababu aliyatumia sana, japo kwa watu wengine. Mwezi wa Januari, kona ileile ya plastiki ilimwangusha Lorna, akavunjika kiwiko cha mkono. Howard alimpeleka hospitali na njiani akamshauri awe anaangalia anapokanyaga. Wiki sita mkono ukiwa ndani ya plasta, Lorna alipata nafasi ya kutosha ya kufikiri.

Ijumaa Kuu walikuwa mezani na samaki wao.

"Kesho naing'oa sakafu ya bafu," Lorna alisema.

"Anaing'oa nani?"

"Mimi. Naitayarisha kwa siku hizi za sikukuu. Jumatatu jioni iwe tayari kwa vigae."

Howard alicheka mpaka njegere zikamdondoka kwenye uma. "Lorna, wewe ulikuwa unashika simu. Simu na drili si kitu kimoja."

"Kweli. Humu ndani iliyofanya kazi ni simu tu."

"Na boriti je? Nimekuambia miaka yote."

"Nitaziuliza zenyewe. Sasa sikiliza. Jumatatu nitaweka kikombe cha chai pale katikati. Chai ikitikisika, umeshinda. Nitaishi na plastiki yako mpaka mnizike, na hutanisikia tena nikiitaja. Isipotikisika, sakafu ile huigusi, hutoi neno, na humwambii mtu kwamba ni kazi yako."

Howard alifuta mdomo. Hakuona namna ya kushindwa, na kitu ambacho Howard hakioni, kwake hakipo. Wakapeana mikono juu ya sahani, na mkono wa Lorna ulikuwa bado mwembamba kwa ajili ya ile plasta.

Jumamosi asubuhi Howard alijiwekea kiti juu ya ngazi, akashika gazeti na kikombe, akakaa kama mwamuzi aliyefika kabla ya timu. Alitarajia kilio katika nusu saa ya kwanza. Badala yake alimwona mkewe, mwenye miaka sitini na mmoja, amevaa bwelasuti yake ya zamani iliyokunjwa miguuni, akifunga maji na kulichomoa sinki la choo kwa utaratibu. Akalifunga kwa mfuko, akalikumbatia, akalitoa ujiani na kulitua karibu na mguu wa Howard.

"Sasa mimi nitajisaidia wapi?" Howard aliuliza.

"Uani."

Nyumba za mtaa ule bado zina choo cha nje uani, masalia ya enzi za babu zao. Cha akina Sugden kilikuwa kinatunza baiskeli mbili, vyungu vya maua na buibui, lakini maji yalikuwa yanatoka. Howard alikitazama kupitia dirishani, na Lorna akarudi kazini.

Aliutoa mlango bawabani, akaupima na kuukata sentimita mbili chini. Hapo Howard alirudi kwenye gazeti haraka, kwa sababu mlango ndio aliokuwa akiusubiri kwa hamu. Wanaojifanyia wenyewe huinua sakafu, wakafurahi, kisha mlango ukagoma kufunguka. Alikuwa ameshaandaa na maneno ya kusema.

Plastiki ilitoka kwa vipande, ikiwa na harufu ya miaka yote ile. Lorna aliikunja, akaitupa kupitia dirishani mpaka uani bila kuiaga. Kisha akaanza kuzifungua mbao, kwa baa ya chuma na nyundo, ubao mmoja baada ya mwingine, akizitia namba kwa penseli ili zirudi mahali pake. Ubao wa tatu kutoka dirishani ulikuja kirahisi mno. Misumari yake ilikuwa mipya kuliko mingine. Lorna aliugeuza.

Mafundi wa kule wana desturi yao. Kabla ya kufunika sakafu au ukuta huandika chini yake jina, tarehe na hali ya hewa, ili atakayefunua baada ya miaka hamsini ajue ni nani alipita. Howard hakuwahi kuikosa desturi hiyo. Pengine ndiyo sehemu ya kazi aliyoipenda kuliko zote. Na mgongoni mwa ubao ule, kwa penseli ya seremala na herufi zile pana ambazo Lorna alizinakili nusu ya maisha yake, palikuwa pameandikwa:

"Jumamosi ya Pasaka, 1993. Mvua. Boriti nzima zote, hazina uozo, zinabeba vigae. Vikazo vinne tayari, vinne bado. Naendelea Jumatatu. H. Sugden."

Lorna aliketi ukingoni mwa beseni. Aliinama, akamulika tochi chini. Boriti zilikuwa nene, kavu, ngumu kama siku zilipolazwa. Kati yake palikuwa na vikazo vinne vilivyopigwa vizuri sana, kwa kweli vizuri, na baada ya hapo nafasi nne tupu. Alizigonga boriti kwa nyundo, kila moja, na kila moja ikamjibu kwa sauti ya mti mzima.

Alimchukia mumewe kwa chuki ambayo hakujua kama anayo. Angemsamehe uvivu. Mama yake hakuwa na haja ya kuacha bakora nje ya mlango, na kiwiko chake hakikuwa na haja ya kuvunjika, na mtu pekee aliyeyajua hayo alikuwa akipanda kila Krismasi kupiga kisigino na kutikisa kichwa.

"Howard. Njoo unisomee kitu."

Howard alikuja na tabasamu lake tayari. "Umekwama eh?"

"Nisomee hapa."

"Sina miwani."

"Iko kichwani."

Akaiteremsha. Akasoma Jumamosi ya Pasaka kwa sauti kubwa, akasoma mvua, halafu sauti ikaanza kupungua.

"Endelea," Lorna alisema.

"Lorna, hii ni zamani."

"Endelea. Zinabeba nini?"

"Vigae." Alikohoa. "Unajua, Jumatatu ile yule daktari wa meno alipiga simu. Wewe mwenyewe ulipokea."

"Nilipokea. Na Jumanne?"

"Kulikuwa na kazi."

"Toka siku ile kumekuwa na Jumatatu ngapi, Howard?"

Mtu mwenye akili asingejibu. Howard alianza kuhesabu kwa vidole.

"Elfu moja na mia sita na ushei," Lorna alimwambia. "Usijisumbue. Ungesema umechoka, ningekuelewa. Ungesema hutaki, ningegomba, yakaisha. Kwa nini ukazisingizia boriti?"

Howard aliutazama ubao kama aliyetarajia utamtetea. "Nilisema mara moja tu, ili uniache nipumzike. Halafu ukaamini. Sasa ningeyarudishaje maneno?" Akavua miwani. "Na bafu la nyumbani, Lorna, nikuambie ukweli, halina mtu wa kulisifu. Kwa watu, wanakuja, wanashangaa, wanaita majirani. Hapa nani angeniona?"

"Nilikuwepo mimi," Lorna alisema.

Howard alirudi kwenye kiti chake, na gazeti alilishika juu chini kwa muda mrefu. Lorna alikata mbao, akapiga vikazo vinne vilivyobaki, akaviona vimekaa sawa na vile vya 1993, hakuna aliyeweza kuvitofautisha isipokuwa kwa rangi. Kabla ya kuurudisha ule ubao wa tatu alichukua penseli na kuandika chini ya maneno ya mumewe: "Jumamosi ya Pasaka, 2024. Jua. Vinne vilivyobaki nimepiga mimi. L. Sugden." Akaukaza kwa skrubu nane.

Jumapili ilikuwa siku ya plaiwudi. Ilikuwa imesimama ujiani toka Alhamisi, imepakwa praima mgongoni na kingoni, na Howard alikuwa ameipita kila siku akidhani ni ya kibanda cha ndege. Safari hii alisubiri bomba. Chini ya dirisha lilipita bomba la maji moto, karibu kabisa na mbao, na yeyote anayekaza skrubu kwa kasi hulitoboa. Howard alijua mahali penyewe. Alimwona Lorna akilikaribia, skrubu kila sentimita kumi na tano, magoti juu ya mto wa kochi, na akakaza masikio asikie mfoko. Hakumwonya. Alijiambia kwamba mapatano hayamruhusu kutia neno, na tangu alipozaliwa Howard Sugden hajawahi kuheshimu mapatano kwa uaminifu namna ile.

Lorna alifika kwenye bomba, akaliruka. Jumamosi, mbao zikiwa wazi, alikuwa ameandika vipimo vyake, na sasa kwenye plaiwudi palikuwa na mistari miwili ya chaki na maneno "usipige hapa".

"Ulidhani nitalitoboa?" aliuliza bila kugeuka.

"Sikudhani kitu."

"Watu mia nne nimewaonya kuhusu bomba, Howard. Kwa simu. Wewe ukiwa unakula."

Jumatatu saa tisa alifagia vumbi la mbao, akaupachika mlango. Ulipita juu ya sakafu mpya bila kugusa, na maneno ya Howard kuhusu mlango yakabaki bila kazi. Kisha Lorna akamwita jirani wa ukuta mmoja, Thelma Crossley, awe shahidi. Thelma alikuwa mjane mwenye mwili wake na asiyejua kukanyaga taratibu; mtaa mzima ulijua saa anayokwenda kulala. Alipanda akiwa na sahani ya mikate ya Pasaka yenye msalaba juu, akahema mlangoni.

"Mnataka nifanye nini humo?"

"Utembee tu, mpenzi," Lorna alisema. "Kama unawahi basi."

Alijaza kikombe cha chai mpaka ukingoni, akakitua katikati ya plaiwudi. Alikiacha polepole, kwa sababu somo alilifundisha mara elfu lakini hakuwahi kulifanyia mtihani. Ikiwa chai ingetikisika, angekuwa amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe, na ile plastiki ilikuwa bado uani, ingeweza kurudi. Howard alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Alikiangalia kikombe kama anavyokiangalia mtu aliyeombea chai imwagike.

Thelma alitembea. Alizunguka mara moja, kisha Lorna akamwomba azunguke tena, na safari ya pili akakanyaga kwa hasira kidogo, akidhani anachezewa. Dirisha lilitikisika. Mswaki ukacheza ndani ya glasi yake juu ya sinki la kunawia. Chai ilitulia mpaka ukingoni, na taa ya dari ilionekana ndani yake bila mkunjo.

Lorna alishusha pumzi. Aliona furaha, na akaona pia kwamba furaha ile angeweza kuwa nayo akiwa na miaka thelathini.

Thelma hakujua chochote kuhusu mapatano. Alipiga kisigino chini, akamgeukia mwenye nyumba. "Ama kweli, Howard. Hatimaye. Nilijua siku moja utamkumbuka mkeo. Kazi safi."

Howard alifungua mdomo. Sifa ilikuwa pale, mtu wa kushangaa alikuwa pale, na sakafu ilikuwa nzuri. Lorna hakumwangalia, alikuwa anapangusa drili.

"Si mimi," Howard alisema mwisho. "Ni Lorna."

Thelma akacheka, akidhani ni utani wa kiume, akawaachia mikate na kuondoka. Walimsikia akishuka ngazi zote kumi na nne.

Ujiani palikuwa na maboksi ya vigae vya buluu, ambavyo Lorna alivichagua zamani na kuvitafuta tena mpaka akavipata. Howard alilishika boksi la juu, akakwangua utepe kwa ukucha. Alipoongea hakuwa na sauti yake ya baani.

"Niache nivibandike, Lorna. Magoti nitajua mwenyewe. Hata mstari wa kwanza tu. Leo si Jumatatu?"

Lorna aliokota kikombe katikati ya sakafu yake, akaonja. Kilikuwa bado na moto.

"Ni Jumatatu," alisema. "Lakini si yako. Yako ilikuwa ile."

Alilichukua boksi mikononi mwa Howard, akaingia nalo ndani, na mlango ukafungika bila kukwaruza. Howard alisimama kidogo kando ya sinki la choo lililofungwa kwa mfuko. Kisha, kwa kuwa alibanwa, aliteremka ngazi na kwenda uani kwenye choo cha baiskeli.